Chupa Iliyokikagua Kiwanda

Katika miaka ya 1880, mfugaji wa Wisconsin, Marekani, alilipwa maziwa yake kwa uzito tu. Maziwa yenye mafuta mengi na maziwa yaliyotiwa maji ya kisima yalikuwa na bei moja. Kifaa cha kupima msongamano wa maziwa, laktomita, hakikusaidia sana: anayeengua malai huyafanya maziwa yawe mazito kwenye kipimo, anayetia maji huyafanya mepesi, na aliyefanya yote mawili alipita bila kushikwa. Aliyeumia ni mfugaji mwaminifu.

Mwaka 1890 Stephen Babcock, mkemia wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alitangaza kipimo chake. Maziwa kidogo hutiwa katika chupa yenye shingo nyembamba iliyochorwa alama, kisha asidi kali ya salfa, ambayo huyeyusha kila kitu isipokuwa mafuta. Chupa huzungushwa kwa kasi katika mashine, huongezwa maji ya moto, na mafuta hupanda shingoni. Asilimia yake husomwa kwa macho. Hakuhitajika mkemia, kijana wa kiwandani aliyefundishwa vizuri aliweza. Babcock hakuchukua hataza, akaacha kila mtu akitumie kipimo hicho bure.

Chupa ile ilikusudiwa kumpima mfugaji. Haikuchukua muda ikamgeukia mwenye kiwanda.

Mashine ya kuengua malai ya Mswidi Gustaf de Laval, iliyobuniwa mwaka 1878, ilikuwa imeenea. Lakini maziwa yaliyoenguliwa ni meupe vilevile, yawe na mafuta mengi au kidogo, kwa hiyo jicho lilidanganyika. Tuseme kiwanda kina kilo 10,000 za maziwa hayo. Yakibaki na mafuta asilimia 0.5, kilo 50 zimeondoka. Yakibaki na 0.1, ni kilo 10. Kilo 40 za mafuta, na hakuna aliyeona tone likimwagika!

Zikatengenezwa chupa za shingo nyembamba zaidi kwa ajili ya masalio hayo, na mafundi wakaanza kutafuta chanzo. Mara nyingi kilikuwa kitu kidogo: mashine inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa, maziwa yameingizwa yakiwa baridi au kwa haraka mno. Kwenye kusuka siagi, malai yenye joto kupita kiasi yaliacha mafuta mengi katika maziwa yanayobaki baada ya siagi kutolewa. Kurekebisha kulihitaji kipimajoto na uangalifu. Hapo ndipo sifa ya Babcock inapostahili kukaa: kabla ya namba, hasara haikuwa na mwenyewe.

Wakati huohuo, Niklaus Gerber wa Uswisi alibuni kipimo cha aina hiyohiyo, na hicho ndicho kilichozoeleka katika maabara za maziwa za Afrika Mashariki. Hata hivyo, wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania bado hulipwa kwa lita au kilo, mafuta yakiwa mengi au machache. Vyama vya ushirika vyenye uwezo wa kupima vingefanya haki kuanza kulipa kwa mafuta.