Shujaa ana kilo ngapi? Historia ya miili ya kwenye gemu, kutoka kibandani Muheza

Ukitaka kujua nilikuwa na umbo gani nikiwa darasa la sita, jina langu la kibandani linatosha: Njiti.

Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati, nyuma ya fremu za maduka upande wa stendi ya Muheza. Ndani kulikuwa na TV mbili za chogo, PlayStation 2 mbili, mabenchi ya mbao na joto la kukaangia mayai. Mechi moja shilingi mia mbili. Msimu wa machungwa hela ilipatikana, maana mtoto aliyesaidia kupakia mzigo kwenye lori hakosi jero. Msimu ukiisha tulikaa benchi kutazama wenye hela wakicheza. Mimi nilitazama sana. Na mtu ukitazama gemu badala ya kucheza unaanza kuona mengine, kwa mfano jinsi mashujaa walivyoumbwa. Kwa nini Jack wa Tekken ana mabega kama kabati la nguo, Xiaoyu ni kasichana kadogo, halafu Xiaoyu anampiga? Kwa nini Mario ni mfupi? Na kwa nini karibu mashujaa wote hawana kitambi?

Nimekuja kuyarudia maswali hayo nikiwa nasoma shahada ya pili, safari hii kwa utaratibu kidogo. Ninavyoona mimi, mwili wa shujaa wa gemu uliamuliwa kwanza na mashine, kisha na kanuni za mchezo, na baadaye sana ndipo ukaanza kubeba maoni ya watu kuhusu miili ya watu wengine. Maoni hayo yalitengenezwa mbali. Yalipofika kibandani kwetu hayakueleweka kama yalivyokusudiwa, na hapo ndipo historia hii inanigusa.

Tuanze na mashine. Pong ya mwaka 1972 haikuwa na mtu hata mmoja, ni vijiti viwili na mpira. Pac-Man wa 1980 alikuwa duara lenye mdomo. Mwaka 1981 Shigeru Miyamoto wa Nintendo alipobuni Donkey Kong alitaka mtu anayeonekana kweli kuwa mtu, na nafasi aliyopewa ni mraba wa kama pikseli 16 kwa 16. Hebu chukua daftari la hesabu, chora mtu ndani ya vyumba 16 kwenda juu na 16 kwenda pembeni, uone kazi yake. Mdomo haukai vizuri, basi akapewa masharubu. Nywele zinasumbua kuchora mtu akiruka, basi akapewa kofia. Mikono haionekani ikipita mbele ya mwili, basi akavishwa ovaroli ya rangi tofauti na shati. Kichwa kikawa kikubwa kupita kiasi, la sivyo uso usingeonekana. Huyo ndiye Mario tunayemjua mpaka leo. Ule ufupi wake ni bajeti ya pikseli.

Mwaka 1985 ikaja Super Mario Bros., na humo Mario akila uyoga anakua, kutoka pikseli 16 kwenda juu mpaka 32. Angalia vizuri kitu kimoja: anarefuka mara mbili ila hanenepi. Upana unabaki ule ule. Konsoli ya Nintendo ya wakati ule ilichora vitu vinavyotembea kwa vipande vidogo vya pikseli 8 kwa 8, na ilikuwa na sheria ngumu: katika mstari mmoja wa skrini, kutoka kushoto kwenda kulia, havikai zaidi ya vipande 8. Kikizidi cha tisa, hakichorwi, ndiyo maana gemu za zamani picha zilikuwa zinapepesa zinapotea na kurudi. Sasa piga hesabu. Mario mwenye upana wa pikseli 16 anakula vipande 2 katika kila mstari. Ukimrefusha, kila mstari bado unabeba vipande 2 tu. Ukimnenepesha mara mbili anakula 4, yaani nusu ya nafasi yote, na maadui watatu wakisimama naye sawasawa baadhi yao wanaanza kupotea. Kwa hiyo kwenye mashine ile unene ulikuwa ghali kuliko urefu. Sisemi hilo peke yake ndilo lililowanyima mashujaa vitambi, lakini tusianze kutafuta sababu za mbali kabla hatujapiga hesabu za karibu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Little Mac, bondia wa Punch-Out!! iliyotoka kwenye konsoli hiyo hiyo mwaka 1987. Ni kijana wa kilo 48 na nusu hivi, anapigana na majitu. Watu wengi hudhani ni ile hadithi ya mdogo kumwangusha mkubwa, ya Daudi na Goliathi. Ila ukweli ni wa kifundi zaidi. Katika toleo la mashine za kumbi za michezo la mwaka 1984, bondia wako alichorwa kwa mistari tu, kama fremu ya waya, ili uone mpinzani kupitia mwili wake. Konsoli ya nyumbani haikuweza kufanya hivyo. Wafanyeje? Wakamfanya shujaa awe mfupi, umwone mpinzani juu ya kichwa chake! Mimi niliyekuwa mfupi wa mwisho kwenye mstari wa paredi shuleni nilifurahi sana kugundua kwamba kuna mahali ufupi ulitakiwa.

Baadaye mashine zikapata nguvu, na shujaa akaanza kupimwa kwa mtu wa kweli. Jordan Mechner alipotengeneza Prince of Persia ya 1989 alimpiga video mdogo wake wa kiume akikimbia na kuruka, kisha akachora picha moja moja kwa kufuatisha. Ule mwili mwembamba uliokuwa ukining'inia kwenye kingo za kuta ni wa kijana halisi. Tekken 3 nayo ilimleta Eddy Gordo, ambaye miondoko yake ya kapoera ilinakiliwa kutoka kwa mwalimu wa kapoera, Marcelo Pereira. Eddy kibandani alipigwa marufuku siku za Jumamosi, maana mtu yeyote asiyejua chochote alikuwa anabonyeza hovyo na kushinda. Hilo tuliache.

Awamu ya pili ni ya kanuni. Gemu za kupigana, hasa kuanzia Street Fighter II ya 1991, ziligeuza umbo kuwa sheria ya mchezo. Zangief, mwanamieleka wa Kisovieti, anatembea polepole lakini akikushika umekwisha. Super Mario Kart ya 1992 ikafanya vivyo hivyo barabarani: Bowser mzito anachelewa kuondoka ila akichanganya ana kasi ya juu, Toad mdogo anaondoka haraka na anakata kona vizuri. Mchezaji hahitaji kusoma maelekezo, anatazama tu mwili na kujua atakachopata.

Na hapa siri ya Xiaoyu inatoka. Kompyuta haioni misuli wala sura. Kila mpiganaji amezungukwa na maumbo yasiyoonekana, na ngumi inahesabika imepiga pale tu umbo la ngumi linapogusana na umbo la mwili. Jitu lenye mwili mpana lina eneo kubwa la kupigika, kwa hiyo kuna mapigo mfululizo yanayomkamata Jack na kumkosa msichana mdogo. Xiaoyu isitoshe ana mkao wa kuchuchumaa ambao ngumi za juu zinampitia kichwani. Nilipoteza mia mbili zangu nyingi kwa mtoto wa jirani wa darasa la nne, mimi nikichagua Jack kila mara kwa sababu nilitaka, kwa dakika tatu, kuwa na mabega. Yeye alimchagua Xiaoyu. Alikuwa haangalii mabega, anaangalia nani anapigika.

Kwa kweli wabunifu wa gemu hapa walikuwa wakidokoa fizikia kwa nusu tu. Galileo alieleza mwaka 1638 kwamba ukimkuza kiumbe bila kubadilisha uwiano wake, uzito unakimbia kuliko nguvu. Urefu ukiwa mara mbili, unene wa mfupa ukikatwa unapata eneo mara nne, lakini uzito unakuwa mara nane. Kila kipande cha eneo la mfupa kinabeba mzigo mara mbili ya ule wa mwanzo. Ndiyo maana tembo hana miguu ya swala. Mario mwenye urefu mara mbili na upana ule ule angevunjika akitua kutoka juu ya lile bomba. Jack angekuwa mzito kweli, na pumzi zingemwishia. Gemu zilichukua ule uzito na ucheleweshaji, gharama nyingine zikaziacha.

Halafu ukafika mwaka 2004, ikatoka Grand Theft Auto: San Andreas. Kwangu mimi hii ndiyo inayofungua awamu ya tatu. Shujaa wake, Carl Johnson, kila mtu anamwita CJ, anarudi mtaani kwao baada ya mama yake kuuawa. Na mwili wake haujaamuliwa. Unauamua wewe. Akila baga na kuku wa kukaanga ananenepa, tumbo linaonekana kabisa chini ya fulana. Akinyanyua vyuma jimu anajaa misuli. Asipokula siku mbili za kwenye gemu anaanza kupoteza mafuta, yakiisha anakatwa misuli. Pembeni kuna vipimo vyake: mafuta, misuli, pumzi, heshima. Misuli inachangia kwenye heshima. Mafuta yanamfanya ashindwe kukimbia vizuri, na wapita njia wanamtania kuhusu mwili wake.

Msimamo wa watengenezaji uko wazi. Mnene ni mzembe, mwenye misuli ameheshimika. Ni maoni ya mahali ambapo chakula cha haraka ni cha bei rahisi na jimu ndiyo inayokutenga na wengine. Sasa yalete maoni hayo Muheza, mwanzoni mwa karne hii.

Kwetu ukikutana na shangazi ambaye hamjaonana muda, kitu cha kwanza ni "Mwanangu, umenenepa!", na hayo ni pongezi. Ukikonda ndiyo unaulizwa taratibu, pembeni, una nini. Kukonda kulikuwa na maana nzito zaidi kwa kizazi kilichotulea. UKIMWI ulipotambuliwa kwa mara ya kwanza Tanzania, Kagera mwaka 1983, watu waliujua kwa macho kabla hawajaujua kwa vipimo, na kilichoonekana kwa macho ni mwili kuisha. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, ugonjwa ulipewa jina la Slim. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure kwenye hospitali za serikali mwaka 2004, mwaka ule ule wa San Andreas, na hazikufika kila wilaya siku moja. Sisi tulikua tukisikia watu wazima wakimtazama mtu na kusema kwa sauti ya chini, "Fulani kaisha."

Hata historia ya milima inayotutazama kutoka magharibi haina shujaa wa misuli. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichochapishwa kwanza na misheni ya UMCA hapa hapa Magila, kinasimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyekuja kuwa mfalme wa Usambara. Amemuua simba, ndiyo, lakini kilichomfungulia milango ya watu ni nyama. Anawinda nguruwe wanaoharibu mashamba, anagawa nyama, watu wanashiba. Ukuu wake unapimwa kwa matumbo ya wengine.

Basi kibandani kulikuwa na mwenzetu mmoja, mkubwa kwangu kwa miaka miwili. Baba yake alikuwa amerudi kutoka mashamba ya mkonge akiwa amekonda, na kila wiki alizidi kukonda. Hakuna aliyemuuliza, sisi watoto tulijua kwa jinsi mama zetu walivyoacha kutaja jina la yule mzee. Huyu mwenzetu akipata hela halipii mechi ya Tekken. Analipia San Andreas, anampeleka CJ kwenye duka la kuku, anamlisha. Anamlisha mpaka gemu inamtapisha, maana akila mno mfululizo anatapika, kisha anasubiri na kumlisha tena. Wengine tulipiga kelele: fanya misheni, bana, unaharibu hela! Walimwambia CJ amekuwa bonge, hawezi kukimbia polisi. Akajibu, "Akimbie wapi? Si kapendeza."

Wakati ule nilidhani hajui gemu. Nilichoelewa baadaye ni kwamba alikuwa anaisoma kwa Kiswahili chetu, ambamo mwili uliojaa ni mwili wa mtu ambaye yupo na ataendelea kuwepo. Aliyetengeneza kile kitambi alikusudia kuchekesha, na nadhani hakuwahi kufikiria kwamba kuna mtoto angemtazama CJ akiwa bonge na kupumua.

Mwenye kibanda alikuwa na memori kadi moja ya MB 8 kwa watu wote, kwa hiyo kila mtu aligombea nafasi ya kusevu. Yule mwenzetu alisevu CJ wake juu ya wa mtu mwingine na nusura wapigane. Mwenye kibanda, ambaye kwa kawaida hakuwa na huruma na mtu, aliangalia skrini, akamwangalia mtoto, akasema hiyo isiguswe. Ilikaa pale mpaka msimu uliofuata wa machungwa, CJ na tumbo lake, na kila aliyewasha gemu alilazimika kuiruka.