Abjadi na Mraba wa Tisa: Urithi wa Hesabu katika Pwani Yetu

Nyamisati ni bandari ya delta ya mto Rufiji, wilayani Kibiti, ambako abiria hupanda vyombo vya kwenda Kilindoni, kisiwani Mafia. Watu wa delta hawana budi kuhesabu siku za mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua, maji yakajaa na kupwa mno. Kati ya nyakati hizo huja maji mafu. Nahodha aijuaye tarehe ya mwezi hujua pia lini mikono ya mto itakuwa na kina cha kutosha.

Lakini iko hesabu nyingine, iliyofika pwani pamoja na Uislamu na maandishi ya Kiarabu. Kwa karne nyingi majahazi yalichukua boriti za mikoko ya delta hii mpaka Arabuni na Ghuba, na kwa njia hizo za bahari pwani ilipokea vitabu na elimu. Mojawapo ya elimu hizo ni abjadi, ambayo huipa kila herufi ya Kiarabu, kati ya 28, thamani yake: alifu ni 1, be ni 2, ye ni 10, hadi ghaini iliyo 1000.

Katika hirizi waganga na walimu waliandika mraba wa vyumba tisa, ambao Wachina nao waliujua tangu kale:

4 9 2
3 5 7
8 1 6

Kila mstari, wa kulala, wa kusimama au wa mshazari, hutoa 15, na jumla ya tarakimu zote ni 45. Kwa abjadi jina la Adamu hutoa 45 na la Hawa 15; ndiyo maana wengi waliuona mraba huu kuwa una siri ya uumbaji. Tarakimu za pembeni, 2, 4, 6 na 8, zikigeuzwa herufi husomeka "buduhi", neno ambalo katika nchi za Kiarabu liliandikwa juu ya barua ili zifike salama.

Ulinganifu wake ni wa ajabu. Tarakimu zinazokabiliana kupitia 5 hutoa 10 daima. Tukiisoma mistari kama namba 492, 357 na 816, kisha tukaisoma kinyume, 294, 753 na 618, jumla ni 1665 pande zote mbili. Tukizidisha kila namba kwa yenyewe na kujumlisha, tunapata 1,035,369 kwa kwenda na kwa kurudi. Mwanafunzi na achukue kalamu ahakikishe.

Je, ukweli wa hesabu huthibitisha na utabiri? Tutazame hesabu ya nyota, ambayo kwayo wazee waliamua hata kama kijana na binti wafaa kuoana. Jina la mtu na la mama yake hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa 12. Baki huonyesha buruji. Ali hutoa 110. Fatuma, herufi ya mwisho ikihesabiwa 5, hutoa 135. Jumla ni 245 na baki ni 5: nyota yake ni Asadi. Lakini wako waihesabuo herufi hiyo hiyo 400, kwa kuwa ni te. Hapo Fatuma hutoa 530, jumla huwa 640, na baki ni 4: Ali amekuwa wa Saratani. Mtu ni yule yule na mama ni yule yule. Kilichobadilika ni kanuni ya mwandishi. Posa ingeweza kukataliwa kwa sababu ya herufi moja!

Hapo ndipo tofauti ilipo. Bamvua halingoji makubaliano ya waandishi. Huja kwa mwezi, na kila chombo hulishuhudia. Nyota ya jina hutegemea tahajia. Kwa hiyo tusiidharau abjadi, kwani ilizoeza akili za watu wetu kujumlisha, kugawanya na kutafuta baki pasipo shule za kisasa. Wala tusiikabidhi hatima ya ndoa, safari au mgonjwa. Walimu wa hisabati na wa historia waufundishe mraba huu darasani, nasi tuzitunze karatasi kuukuu za wazee wetu zisiliwe na mchwa, maana humo imo sehemu ya historia ya fikra za taifa.