Nguo Rahisi na Heshima ya Mvaaji: Mavazi ya Mwambao Tangu Merikani Hata Mitumba

Rahisi ghali, husema wazee wetu wanapomwonya kijana arudiye kutoka dukani na kitambaa cha thamani ndogo. Neno hili lina kweli yake, na fundi cherehani yeyote aweza kulishuhudia. Lakini katika habari za mavazi ya mwambao limewapoteza njia watu wengi, hata baadhi ya waandishi wa historia. Juu ya joho, hariri na majambia yenye mipini ya fedha kumeandikwa mengi. Nguo rahisi zimepitwa kama vile mtu apitavyo kando ya jaa. Makusudi ya maneno haya ni kuonyesha kwamba nguo hizo zilizodharauliwa ndizo zilizochukua mageuzi makubwa ya watu wa Unguja na jirani zao kwa muda wa miaka mia na hamsini na zaidi, na kwamba furaha ya kujichagulia vazi kwa pesa chache haikuletwa kwetu na balo la mitumba.

Tuanze na merikani. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mapatano ya biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters wa Salem, alifika Unguja. Merikebu za Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, zilikuja kutafuta pembe, sandarusi na ngozi, nazo zilileta nguo ya pamba isiyotiwa rangi wala kung'arishwa. Baadhi yake ilifumwa mjini Salem kwenyewe, katika kiwanda cha Naumkeag kilichoanza kazi mwaka 1847. Watu wakaiita merikani kwa jina la nchi itokako, na jina likadumu hata ilipokuwa yafumwa Bombay. Safarini bara nguo hiyo ilikuwa ndiyo fedha: shuka ilipimwa mikono minne, doti mikono minane, na jora lilichukuliwa zima kama lilivyotoka kiwandani.

Hapa pana jambo ambalo msomaji asilipite upesi. Yadhaniwa mara nyingi kwamba mnunuzi wa Afrika alipokea chochote alicholetewa. Habari za biashara hiyo zasema kinyume chake. Uzito wa nguo ulipimwa mkononi, upana ulitazamwa, ufumaji ulichunguzwa, na nguo iliyokosa kupendwa ilibaki ghalani, mwenye mali akala hasara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, tangu 1861 hata 1865, vilipokausha pamba, viwanda vya Uingereza na Bara Hindi vilipata nafasi ya kuingia. Lakini viliingia kwa kuigiza merikani, kwa sababu jicho la mnunuzi lilikuwa limekwisha kuizoea. Basi tangu mwanzo, urahisi wa bei haukumnyima mtu haki ya kuchagua. Aliyenyimwa haki hiyo alikuwa mwingine.

Mtumwa wa Unguja katika karne ya 19 alijulikana kwa nguo yake kabla hajafungua kinywa. Mwanamume alijifunga kipande cha merikani kiunoni. Mwanamke alijifunga merikani au kaniki chini ya makwapa, mabega yakabaki wazi. Walikwenda kichwa kitupu na miguu mitupu, kwa kuwa kilemba, kofia, ukaya na viatu vilikuwa alama za uungwana, na mwavuli ulikuwa alama ya mtu mkubwa. Wanawake wa nyumba kubwa za Kiarabu walivaa kanzu za hariri na suruali zenye marinda, nyuso zao wakazifunika kwa barakoa. Kati ya ncha hizo mbili palikuwa na ngazi nyingi, na kila mtu alitazamiwa kukaa katika ngazi yake. Vazi lilikuwa sheria isiyoandikwa.

Hata chini ya sheria hiyo watu hawakukubali kufanana. Kaniki yenyewe, ile nguo ya pamba iliyotiwa nili hata ikakaribia weusi, yatufundisha. Wanawake waliokuwa na merikani tupu waliitia rangi wenyewe, wengine wakaifunga mafundo ili rangi ipite huku na isipite kule, wengine wakapiga chapa za maua kwa vipande vya mti vilivyochongwa. Ilikuwa kazi ndogo ya uani, isiyo na mali wala sifa. Lakini mtu ambaye hana ruhusa ya kufunika kichwa chake, naye akakaa kutwa akitafuta namna ya kufanya shuka lake lisiwe kama la mwenzake, ametuachia habari kubwa kuliko orodha ya mali za jumba.

Ndipo ikaja kanga. Habari isemwayo sana ni kwamba katika miaka ya 1870 na 1880 wanawake wa mjini walinunua leso za rangi (neno lenyewe tumelipata kwa Wareno) zikiwa bado hazijatenganishwa katika jora lake. Walikata sita, wakazigawa tatu tatu, wakazishona ubavu kwa ubavu, wakapata nguo moja pana yenye madirisha sita. Ndiyo maana hata leo Mombasa na Lamu watu wengi huiita kanga leso. Jina la kanga, yasemekana, lilitoka kwa ndege kanga mwenye madoa meupe. Wengine huongeza kwamba ndege huyo huenda makundi kwa kelele, lakini neno hilo lanuka ucheshi wa barazani.

Haukupita muda mrefu kabla ya viwanda vya Ulaya, hasa vya Uholanzi na Uingereza, kuanza kupiga chapa nguo nzima ili kuondoa kazi ya kushona. Nguo ikapata umbo tulijualo: pindo pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani maneno, juu ya pindo la chini. Maneno hayo kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi. Mjini Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, lilipata sifa kwa kanga zake zenye alama ya «Mali ya Abdulla». Wenye maduka wanastahili sifa yao, wala siwanyimi. Walakini mtu akisema kwamba mfanyabiashara fulani ndiye aliyeibuni kanga, ameanza habari katikati. Mfanyabiashara alimfuata mwanamke aliyekuwa na sindano na leso sita.

Tena alimfuata kwa shida. Kanga ilikuwa rahisi, basi mtu aliweza kuiacha na kununua nyingine. Na kwa kuwa aliweza kuiacha, aliiacha upesi. Mtindo uliopendwa leo ulichokwa kesho. Agizo lilipaswa kuandikwa, kusafiri baharini hata Ulaya, kuchongewa vyombo vya kupigia chapa, kisha kurudi. Na mwenye kuagiza kwa wingi aliweza kuona merikebu inatia nanga wakati wanawake wa Ng'ambo wamekwisha kugeukia ua jingine. Mabwana wa viwanda waliokuwa wakiringa kwa elimu ya mitambo walikuwa, kwa jambo hili, watumishi wa mwanamke mwenye pesa chache mkononi.

Mwaka 1897, katika utawala wa Sultani Hamud bin Muhammed, ilitolewa amri ya kuondoa hali ya utumwa kisheria katika Unguja na Pemba. Masuria hawakuhesabiwa ndani yake mpaka mwaka 1909. Amri hiyo ilikuwa ya polepole na yenye vikwazo: mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuomba uhuru wake, na aliyeachwa huru alitazamiwa kuonyesha mahali pa kukaa na kazi ya kumpatia riziki. Lakini dukani hapakuwa na vikwazo hivyo. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu alichokitoa mwaka 2001 juu ya maisha ya mji wa Unguja baada ya utumwa, ameonyesha kwa urefu jinsi waliotoka utumwani walivyotumia nguo kuondoa alama ya jana. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Wanawake waliacha merikani tupu na kaniki, wakajifunga doti ya kanga, upande mmoja mwilini, upande wa pili mabegani au kichwani. Kichwa kilichokuwa kitupu kwa amri sasa kilifunikwa kwa hiari.

Ukitazama picha zilizopigwa Unguja katika miaka hiyo na wapiga picha kama akina Gomes na Coutinho, utaona wanawake waliosimama wima katika kanga za madoa makubwa na miraba. Ni nguo za bei ndogo. Lakini angalia jinsi zilivyofungwa: ncha imepindwa kwa makusudi, pindo limelingana na pindo, upande wa juu umeshuka kadiri ipasavyo na si zaidi. Hakuna duka liuzalo mfungo huo.

Wako wasemao kwamba haya yote yalikuwa kuwaigiza mabwana. Katika kanzu na kofia neno hili lina sehemu ya kweli, na katika buibui pia, ambalo lilienea mjini katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 na likavaliwa na wengi ambao mama zao hawakuruhusiwa ukaya. Katika kanga silikubali. Kanga haikushuka kutoka jumbani. Ilipanda kutoka mitaani, ikaingia katika nyumba za watu wa kila namna, hata ikawa nguo ya arusi, ya uzazi na ya matanga kwa tajiri na maskini. Aigizaye hufuata, hapa waliokuwa chini ndio waliotangulia.

Katika vyama vya ngoma nguo rahisi ilipata kazi nyingine. Wanawake wa lelemama, Mombasa na kwingineko, walinunua kanga za sare ili chama kizima kionekane kama mwili mmoja, na jina la kanga likawa silaha ya kuwarushia wapinzani bila kutaja mtu. Wanaume wa beni, ngoma iliyoanza katika miji ya mwambao katika miaka ya 1890 na kuenea bara baada ya vita vya 1914 hata 1918, walivaa makoti ya namna ya kijeshi, kofia za wanamaji na nishani walizojitunuku wenyewe. Watawala wengine walicheka, wengine wakaogopa. Waliocheka hawakuelewa kwamba mchukuzi wa bandarini aliyejivika cheo cha jemadari jioni moja alijua vizuri sana kwamba yeye si jemadari.

Miaka ya baada ya uhuru naipita kwa haraka, si kwa sababu ni midogo, bali kwa sababu hapa mkono wa serikali waonekana kuliko mkono wa mvaaji. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na kanga zikachapwa nyumbani. Mwaka huo huo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi Januari 1969, ya kupiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana. Hoja ilikuwa kulinda utamaduni. Wasichana waliovutwa nguo zao barabarani walikuwa, wengi wao, makarani na wafanyakazi waliojinunulia kwa mishahara yao. Na hapo neno utamaduni lilichukua kazi ambayo zamani ilifanywa na bwana wa nyumba.

Kisha ukaja uhaba. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 nguo ziliadimika Tanzania, na watu walipanga foleni kwa doti moja. Mwaka 1984 masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje yalianza kulegezwa, na nguo za mitumba zikaingia kwa wingi. Kenya mlango ulifunguka zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watu walizipa jina la kafa Ulaya, yaani mwenyewe alikufa huko, na jina hilo lilikuwa na dhihaka na woga pamoja. Woga ukaisha, dhihaka ikageuka utani.

Soko la mitumba lina elimu yake. Balo la kilo 45 hivi hununuliwa likiwa limefungwa, mwuzaji asijue lililomo, na saa ya kulifungua huwa ya dua. Gikomba, Nairobi, nguo bora zitangulizwazo kuchaguliwa huitwa kamera. Mnunuzi hushika kola, hugeuza nguo ndani nje, hutazama mshono, huvuta zipu, hunusa. Ni uchunguzi ule ule uliofanywa juu ya merikani, na koti lipatikanalo kwa bei ya sahani chache za wali laweza kuwa la pekee mjini mzima. Wasemao kwamba cha kuazima hakisitiri maungo wamekosea mahali: hiki hakikuazimwa, kimenunuliwa kwa kupatana bei hata jasho likatoka.

Hasara yake haifichiki. Viwanda vya nguo vilidhoofika, ingawa uchakavu wa mitambo, umeme na nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia vilikuwa na sehemu yao. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipatana kuondoa mitumba hatua kwa hatua hata mwaka 2019. Marekani ilitishia kuondoa nafuu ya ushuru. Kenya ikarudi nyuma mwaka 2017, nazo Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda peke yake ilishikilia, na Julai 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo katika soko la Marekani. Nchi ile iliyotupa neno merikani ilikuwa tena mlangoni, safari hii ikigombania nguo kuukuu. Katika majadiliano hayo mengi yalisemwa juu ya heshima ya taifa. Juu ya heshima ya mvaaji yalisemwa machache.

Pembezoni mwa soko la Karume, Ilala, lililoungua Januari 2022, na pembezoni mwa masoko mengi kama hilo, hukaa mafundi na vyerehani vyao. Mwanamke huleta gauni lililoshonwa kwa ajili ya nchi ya baridi. Fundi hutoa bitana, hukata mikono, hupunguza kiuno, hushusha pindo. Mwanamke hulijaribu juu ya nguo alizovaa, hujitazama katika kipande cha kioo kilichofungwa nguzoni, husema kiuno bado. Fundi hushona tena. Akiisha kulipa hulikunja gauni ndani ya kanga yake, hulifunga fundo, na kuliweka kichwani.