Padri Jones na Watoro wa Rabai

Hapa Bariadi, mazungumzo yaangukiapo habari za utumwa, husikika kauli ile ile, kwamba watumwa wa Afrika Mashariki walikombolewa na manowari za Waingereza, nao wenyewe hawakuwa na la kufanya ila kungoja. Hata James Mbotela, mtoto wa mahuru wa Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa karibu na Mombasa, ambaye kitabu chake Uhuru wa Watumwa kilichotoka mwaka 1934 sasa ni nadra kukikuta mikononi mwa vijana wetu, aliwamiminia Waingereza sifa kupita stahili yao.

Nasi hatukuwa mbali na balaa hilo. Mto wetu Simiyu huingia ziwani katika Ghuba ya Speke, na katika ghuba hiyo hiyo, pale Kageye kwa mtemi Kaduma, msafiri Stanley alimkuta mwaka 1875 Songoro, tajiri mwenye kufanya biashara ya watumwa. Kageye ndiko alikofika pia mmisionari James Hannington mwaka 1883, akalemewa na maradhi, akarudi kwao. Alipokuja tena mwaka 1885, sasa ni askofu, alishika njia ya Umasaini pamoja na William Henry Jones, Myao aliyeuzwa akiwa mtoto, akakombolewa, akalelewa Bara Hindi katika kituo cha mahuru karibu na Nasik, akaletwa Mombasa mwaka 1864, na mwaka huo wa 1885 akapewa ushemasi na Hannington mwenyewe. Askofu alitangulia na watu 50, akauawa Busoga mwezi Oktoba. Jones, aliyeachiwa sehemu kubwa ya msafara, ndiye aliyeuongoza hadi Rabai, kituo cha misheni karibu na Mombasa, wakawasili Februari 1886.

Safari hiyo aghalabu ndiyo pekee anayokumbukwa kwayo, ilhali kazi yake iliyo kubwa zaidi ilikuwa Rabai kwenyewe. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini kumiliki mtumwa kulibaki halali katika mwambao wa Sultani, na mtumwa aliyetoroka shambani mwa bwana wake alihesabiwa kuwa mali iliyopotea. Wakuu wa misheni, kwa kuchelea ghadhabu ya wenye mali wa Mombasa, waliagiza watoro wasipokelewe. Jones aliwapokea. Wapo wanaomhukumu kuwa mkaidi aliyeihatarisha misheni. Hoja hiyo siioni uzito, kwa maana mtu aliyeuzwa utotoni hangeweza kumrudisha mwenzake kwenye mnyororo kwa sababu ya karatasi ya maagizo. Padri Price, mwasisi wa Freretown, aliporudi mwaka 1888, alistaajabu kuona Rabai imejaa watoro kwa mamia.

Ndipo George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyoshika utawala wa mwambao, alipowalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikatolewa kwa watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na misheni za jirani. Wengi humtaja Mackenzie kuwa mkombozi wao. Mimi nasema fedha zile ziliingia mifukoni mwa waliowamiliki, na hati zile ziliwakuta Rabai watu waliokwisha kujikomboa kwa miguu yao, wakiwa na nyumba walizojenga na mashamba waliyolima, miaka kadhaa kabla Kampuni haijatia nanga Mombasa.