Zamu ya Maji Engaruka

Wengi wetu tukisikia kilimo cha zamani, tunawaza mtu na jembe lake: anapanda, halafu anakaa kungoja mvua. Wakulima wa Engaruka hawakuishi hivyo.

Engaruka iko kaskazini mwa Tanzania, wilaya ya Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Mvua ni chache na jua ni kali. Lakini tangu miaka ya 1400 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1700 watu walilima pale. Walikuwa na vijiji saba. Walisawazisha mteremko wa mlima, wakazuia udongo kwa kuta za mawe, ndipo wakajenga nyumba. Chini yao yalitandaa mashamba ya kilomita za mraba kama 20, yamegawanywa vipande vipande kwa mawe. Ng'ombe na mbuzi walilala kwenye mazizi ya mawe. Chakula chao kikubwa kilikuwa mtama.

Maji yaliteremka mlimani kwa vijito, nao wakayaelekeza shambani kwa mitaro yenye kingo za mawe. Sasa hebu fikiria siku ya kawaida pale. Kabla ya kulima kuna mawe ya kuondoa. Mtaro ukiziba tope, lazima uzibuliwe, la sivyo wa chini hapati kitu. Wa juu akijichukulia maji yote, mtama wa mwenzake unakauka. Familia moja haiiwezi kazi hiyo. Wasonjo, wanaoishi kaskazini zaidi, mpaka leo wanamwagilia kwa mitaro, na wazee wa kijiji ndio wanaopanga zamu. Ndo maana naamini Engaruka isingedumu karibu miaka 300 bila zamu.

Nayasema haya kwa sababu ya ugomvi wa bombani kwetu. Wengine wanasema, "Sisi ni watu wa kupita, utaratibu wa nini?" Ndugu zetu wa mashirika nao wanaleta ratiba imeshaandikwa, halafu wanashangaa haifuatwi. Zamu inashika pale wanaoteka maji wamekaa chini wakaipanga wenyewe.

Watu wa Engaruka nao walihama. Jina walilojiita halikuandikwa popote, ila mitaro yao bado inaonekana ardhini. Kikundi chetu cha vijana kinaomba kila mtaa utoe wazee wawili, akina mama wawili na vijana wawili, wapange zamu ya bomba lao kabla kiangazi hakijaanza.