Ultrasaundi ya kando ya kitanda

Ultrasaundi ya kando ya kitanda ni uchunguzi wa mawimbi ya sauti unaofanywa na daktari au afisa wa kliniki mwenyewe, palepale alipolazwa mgonjwa, ili kupata jibu la swali lisiloweza kungoja. Haichukui nafasi ya ultrasaundi ya chumba cha picha, ambako viungo hukaguliwa kimoja baada ya kingine na ripoti ikaandikwa. Kwa majeruhi swali huwa fupi: je, ndani kuna damu?

Swali hilo lina uzito wake Shella, mtaa wa mji wa Malindi katika Kaunti ya Kilifi, ambao usichanganywe na Shella ya Lamu. Hospitali ya umma iliyo karibu ni ile ya Kaunti Ndogo ya Malindi. Hospitali ya kaunti iko Kilifi mjini, mwendo wa kilomita 60 hivi, na hospitali kuu ya rufaa ya Pwani iko Mombasa, kilomita 120 hivi. Majeruhi wenyewe wanajulikana: abiria wa bodaboda, mvuvi aliyepigwa na mtumbwi, mgema aliyeteleza juu ya mnazi.

Mgema ndiye anayefundisha zaidi. Ameanguka asubuhi, akainuka, akajipangusa mchanga, na anachosema ni kwamba mbavu za kushoto zinamchoma kidogo. Chini ya mbavu hizo ndipo linapokaa bandama. Likipasuka, damu humwagika tumboni kimyakimya; mtu mzima mwenye nguvu huweza kupoteza hata lita moja kabla presha yake haijashuka. Na bandama lililovimba kwa malaria, ugonjwa usiokuwa mgeni Pwani, hupasuka kwa kishindo kidogo kuliko lenye afya.

Kwa damu hiyo kuna kipimo kiitwacho FAST. Mgonjwa hulazwa chali, hupakwa jeli, kisha probu, yaani kichwa cha mashine kinachoshikwa mkononi, huwekwa mahali panne. Kwanza ubavu wa kulia, baina ya ini na figo, penye uwazi uliopewa jina la James Rutherford Morison, mpasuaji wa Newcastle; mtu akilala chali, damu hukimbilia hapo kama maji ya mvua yanavyotafuta bonde. Halafu ubavu wa kushoto, baina ya bandama na figo. Halafu juu ya kinena, nyuma ya kibofu. Na chini ya chembe cha moyo, kutazama kama damu imeuzunguka moyo na kuubana. Kwenye kioo, mfupa hung'aa kwa weupe na majimaji huwa meusi. Kwa mtu mzima wa afya, ini na figo vimelaliana na katikati mna uzi mweupe tu. Pale penye uzi pakionekana utepe mweusi, na presha inashuka, mpasuaji huitwa bila kungoja picha nyingine.

Kwa kawaida damu huanza kuonekana ikifika mililita 200 hivi au zaidi, na jicho lisilozoea huhitaji nyingi kuliko hizo. Kazi yote huchukua dakika chache, haina mnururisho, na yaweza kurudiwa kila inapohitajika.

Baadaye kifua nacho kiliongezwa kwenye kipimo hicho. Probu ikiwekwa baina ya mbavu, pafu linalopumua huchora mistari iliyonyooka juu na chembechembe chini. Daktari Mfaransa Daniel Lichtenstein aliuita mchoro huo alama ya ufuo, na mzaliwa wa Shella hahitaji kuelezwa mara mbili: bahari juu, mchanga chini. Mchanga ukitoweka ikabaki mistari mitupu, pafu halitelezi, na huenda hewa imeingia kati yake na ukuta wa kifua.

Ultrasaundi ya tumbo ilianza zamani. Mwaka 1958 daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha za uvimbe wa tumbo. Mmoja wa wagonjwa wao, mwanamke aliyedhaniwa kuwa na saratani isiyotibika, alikutwa na uvimbe wa maji wa ovari, akapasuliwa na kupona. Jina la FAST lilienea miaka ya 1990, hasa kwa kazi ya mpasuaji Mmarekani Grace Rozycki.

Afrika Mashariki haikungoja. Katika miaka ya 1980, shirika la afya la AMREF lilibeba mashine hadi Turkana kuwapima wafugaji uvimbe wa hidatidi, unaosababishwa na mnyoo wa mbwa, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1987. Katika hospitali ya Nyakibale, Rukungiri nchini Uganda, wauguzi waliofunzwa huduma za dharura walipiga picha wenyewe, zikapelekwa kwa mtandao na kukaguliwa na madaktari wa ng'ambo. Hilo ni jambo kubwa: lilithibitisha kwamba stadi hii haihitaji kufungiwa kwa mabingwa.

Maumivu ya tumbo yasiyotokana na ajali yana maswali yake. La kwanza kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, aliyezimia na ambaye kipimo cha mimba kimethibitisha ujauzito, ni kama mimba imetunga nje ya kizazi na kupasuka. Weusi baina ya ini na figo hapo humaanisha chumba cha upasuaji, sasa hivi. Ugonjwa wa seli mundu, ulioenea Pwani na uliochunguzwa kwa miaka mingi na watafiti wa taasisi ya KEMRI mjini Kilifi, huleta mawe ya nyongo kwa vijana, na kwa watoto bandama huweza kujaa damu ghafla. Kichocho huziba njia ya mkojo hadi figo kutanuka. Kidole tumbo kilichovimba huonekana kama mrija usiobonyea, wenye upana unaozidi milimita 6. Gesi ya utumbo, hata hivyo, hukificha mara nyingi.

Udhaifu wa kipimo hiki hauna budi kusemwa wazi. Mapitio ya tafiti ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2018, yaliyokusanya tafiti 34 za majeruhi waliogongwa au kuanguka, yalionyesha kwamba kati ya watu 100 wenye jeraha la ndani kipimo huwanasa kama 74, na kati ya 100 wasio nalo huwaondolea shaka 96. Jibu la "kuna damu" huaminika. Jibu la "hakuna" halitoshi. Utumbo uliotoboka na damu iliyojificha nyuma ya figo hukiponyoka kipimo hiki. Kwa hiyo mgema wa Shella ambaye picha yake ya saa nne asubuhi ilikuwa safi hubaki kitandani, presha na mapigo ya moyo yakiangaliwa, na saa chache baadaye probu hurudishwa ubavuni pake, kabla ya kuamuliwa kama atapelekwa Mombasa au atalala Malindi.