Shaba ya Davy na Vidonge vya Potsdam

Mwaka 1824 jeshi la majini la Uingereza lilikuwa likihangaika na shaba. Tangu manowari Alarm ifunikwe mwaka 1761, meli zake zilivishwa mabamba ya shaba chini ili kuzuia minyoo itoboayo mbao, balaa lilelile lililowafanya mabaharia wa pwani yetu wapake vyombo vyao deheni. Minyoo ilishindwa, ila maji ya chumvi yakaigeukia shaba yenyewe.

Dawa ilitafutwa kwa Humphry Davy, mkemia aliyekuwa rais wa Royal Society. Alisema vipachikwe vipande vya chuma au zinki juu ya shaba, navyo vitaliwa badala yake. Meli Samarang ikafungwa chuma, ikasafiri, ikarudi na shaba nzima. Lakini meli zilizokingwa hivyo ziliota majani na viumbe wenye magamba! Kumbe ile shaba iliyokuwa ikiyeyuka kidogo kidogo ndiyo iliyokuwa sumu yao. Meli zenye kinga zikawa nzito, na vipande vikaondolewa.

Wapo wanaomhesabu Davy kuwa alishindwa. Hawamtendei haki, kwani kanuni yake ndiyo inayolinda hadi leo meli za chuma na mabomba yaliyofukiwa ardhini. Kilichokosekana ni kipimo: kinga ilifanya kazi kila saa, panapotakiwa na pasipotakiwa.

Karne ya 20 ilikuja na kasoro ya namna hiyo. Rangi za ndege za alumini zilitiwa kromati, ambayo huyeyuka taratibu na kuziba mkwaruzo. Hakuna kizuia kutu kilichoaminiwa zaidi. Lakini kromati huvuja hata pasipo mkwaruzo, na kromiamu ya aina hiyo husababisha saratani ya mapafu kwa wanaoivuta kazini. Umoja wa Ulaya ukaibana kwa sheria.

Ndipo mwaka 2006 Dmitry Shchukin na Helmuth Möhwald, wa taasisi ya Max Planck huko Potsdam, Ujerumani, pamoja na wenzao wa Aveiro, Ureno, walipotangaza njia nyingine. Walichukua chembe za silika zenye upana wa nanomita 70 hivi. Elfu moja zikipangwa mstari hazizidi sana unene wa unywele. Wakazizungushia tabaka za polima zenye chaji zinazovutana, na kati ya tabaka hizo wakaficha benzotriazoli, dawa ambayo wahifadhi wa makumbusho walikuwa wakiipaka sanamu za shaba nyeusi. Chembe zikachanganywa katika utando wa kupaka alumini.

Uzuri wa kazi hii uko kwenye kufunguka kwake. Kutu inapoanza, kiwango cha asidi mahali pale hubadilika. Tabaka hulegea, dawa hutoka na kufunika jeraha. Hali ikitulia, tabaka hujifunga tena. Kutu yenyewe ndiyo inayoita dawa.

Kilichobaki kigumu ni uvumilivu wa ganda hilo la polima. Rangi ya ndege hukaa miaka mingi juani na mvuani, na ganda linalovuja mapema humaliza dawa yake kabla mkwaruzo wa kwanza haujatokea.